Land Rover 109: taa kali, sura ileile

Jumamosi, 7 Juni 2025: hali ilivyo

Gari ni Land Rover 109 Series III, pikapu ya petroli, mali ya mjomba. Kazi yake ni kubeba mahindi na maharage kutoka Monduli Juu kuja Arusha mjini, na msimu wa mavuno maana yake ni kurudi usiku. Kipande kinachotisha ni kile cha Kisongo kuja mjini: bodaboda zisizo na taa ya nyuma, mikokoteni, ng'ombe wanaovushwa gizani, na malori yanayokuja yamewasha fulu, ule mwanga wa mbali, mpaka yakupite. Taa zetu za mbele ziko kama kibatari. Ukiwasha dimu, ule mwanga wa chini, unaliona boneti vizuri kuliko barabara.

Mjomba amekubali ziguswe kwa sharti moja. "Nikisimama mbele ya gari nisione kitu kipya, mjomba." Kwa hiyo zile taa nyeusi za LED zenye macho mengi, ambazo Land Rover nyingi za mjini zimeshazivaa, zimekufa kabla ya kujadiliwa. Na mimi sizipendi. Uso wa 109 ni vile vioo viwili vya mviringo vya inchi 7, vyenye tumbo na mistari ya wima. Ukivitoa unabaki na boksi la alumini.

Taa zilizomo ni za kizamani, zile zilizozibwa kabisa kiwandani: kioo, riflekta (bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele) na uzi wa kuwaka ni kitu kimoja, ikiungua unatupa nzima. Mpango ni kuweka taa ya inchi 7 inayopokea globu ya H4. Inakaa kwenye pete ileile na kushikwa na skrubu zilezile, na globu yake ya kawaida, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, iko kila duka la spea.

Kabla ya kununua chochote nilitoa mita ya umeme nikapima. Injini ikizunguka na dimu imewashwa, betri ilisoma volti 13.9. Nyuma ya taa ya kushoto, palepale kwenye plagi, ikasoma 10.9. Kulia 11.4. Volti tatu zimeliwa njiani upande wa kushoto, na hizo si kidogo, kwa sababu mwanga wa globu haushuki taratibu na volti, unaporomoka. Hesabu inayotumika na watu wa taa ni kuchukua uwiano wa volti na kuupandisha kwa kipeo cha 3.4 hivi. Volti 10.9 badala ya 13.4 inakuachia nusu tu ya mwanga. Ukiweka globu mpya ya bei yoyote juu ya waya huo, nayo itawaka nusu.

Nikagawa hasara. Kutoka mguu wa ethi wa taa, yaani njia ya umeme kurudi betri, hadi hasi ya betri, taa ikiwa inawaka: kushoto volti 0.9, kulia 0.4. Ethi nzima haipaswi kusoma kitu cha maana hapo. Zile 2.1 zilizobaki zinaliwa na nyaya, swichi ya taa na swichi ya dimu, maana umeme wote wa taa unatoka mbele, unaingia kabini, unapita kwenye swichi, kisha unarudi mbele tena. Series III zilitengenezwa 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote swichi na nyaya zake zina miaka 40.

Uamuzi: waya kwanza, vioo baadaye. Anayefuata shajara hii akiwa na hela ya hatua moja tu, aanze na hii.

Jumamosi, 14 Juni: rilei

Nimemchukua fundi umeme mmoja wa mtaa wa Unga Limited, mzee aliyekulia kwenye Land Rover, pamoja na chalii wake. Kufungua taa ni kazi ya bisibisi na uvumilivu wa skrubu zenye kutu, sitaieleza.

Rangi za nyaya za Waingereza ni msaada mkubwa zikiwa bado zipo. Buluu yenye mstari mweupe ni fulu, buluu yenye mstari mwekundu ni dimu, nyeusi ni ethi. Upande wa kulia zote zilikuwepo. Kushoto, mtu fulani zamani aliunga waya wa nyumba, ule wa kijani na njano, akauzungushia tepu hadi ukawa fundo nene. Mzee alilipasua kwa wembe. Ndani shaba ilikuwa imegeuka nyeusi, nyuzi nyingi zimekatika, na chache zilizosalia ndizo zilizokuwa zinabeba taa nzima. Plastiki ya plagi nayo ilikuwa imeungua kwenye kona moja.

Mpangilio tulioufanya ni huu. Rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa, moja ya dimu na moja ya fulu, zimefungwa karibu na betri, miguu ikitazama chini ili maji yasikae ndani. Waya mnene unatoka chanya ya betri kuingia mguu wa rilei ulioandikwa 30. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Ile waya ya zamani ya swichi haibebi tena mzigo wa taa, inaamsha rilei tu kwenye mguu wa 86, na 85 unakwenda ethi. Swichi ya mjomba inabaki ileile, inabofywa vilevile, ila sasa inapitisha umeme mdogo sana. Nyaya za kwenda kwenye taa ni za milimita 2.5 za mraba. Kila uzi wa taa una fyuzi yake ya ampia 10, yaani fyuzi nne jumla. Wengi wanaweka moja kwa zote, na siku ikiungua unaachwa gizani ukiwa spidi 80 kwenye kona.

Hapo ndipo tulipokwama. Nilitaka rilei zenye miguu miwili ya 87, ili mmoja uende taa ya kulia na mwingine kushoto. Dukani tulipewa rilei za miguu mitano, boksi lilelile, rangi ileile, bei ileile. Tukafunga. Kuunganisha betri tu, swichi ikiwa imezimwa, taa ya kushoto ikawaka dimu na fulu kwa pamoja. Ukiwasha dimu, kulia inawaka dimu, na kushoto dimu inazima, fulu inabaki. Chalii akaanza kufuatilia nyaya zake zote upya, masikini, na nyaya hazikuwa na kosa. Mguu wa katikati wa rilei zile uliandikwa 87a, maandishi madogo kwenye plastiki. Huo 87a unapitisha umeme rilei ikiwa *imelala*, na unakatika ikiamka. Ni rilei nzuri kwa kazi nyingine. Kwa taa mbili unazotaka ziwake pamoja haifai.

Duka halikuzirudisha kwa sababu zilishabanwa. Tukanunua nyingine zenye 87 mbili kweli, na safari hii mzee aligeuza kila moja akasoma chini kabla ya kutoa hela. Zile za kwanza moja nimeiweka kwenye honi, nayo imependeza.

Jumapili, 15 Juni: taa ya buluu iliyowaka bila ruhusa

Rilei zinafanya kazi. Lakini siku zote kabla hatujazifunga, nikiwasha dimu, ile taa ndogo ya buluu ya dashibodi inayoashiria fulu ilikuwa inawaka hafifu. Mjomba anasema imekuwa hivyo tangu enzi, "ndivyo ilivyo." Sivyo ilivyo. Hiyo ni ethi inalia.

Sababu yake ni hii. Ndani ya taa kuna nyuzi mbili, ya dimu na ya fulu, na zote zinamalizikia kwenye mguu mmoja wa ethi. Ethi ikiwa mbovu, umeme uliopita kwenye uzi wa dimu unakosa njia ya kurudi betri, unapanda kinyume kupitia uzi wa fulu, unafuata waya wa fulu hadi dashibodi na kuiwasha kidogo ile taa ya buluu. Gari lolote lenye dalili hiyo, la Series, Defender au Land Cruiser ya zamani, usihangaike na globu. Tafuta ethi.

Ya kwetu ilikuwa imeshikwa na skrubu kwenye madigadi. Madigadi ya Land Rover ni alumini, skrubu na vishikizo vya chuma. Metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu, alumini inatoa unga mweupe na chuma kinatoa kutu, na kati yake umeme unapita kwa shida. Nilipofungua ile ya kushoto skrubu ilitoka na kipande cha bodi. Kuna anayesugua kwa msasa na kufunga tena. Itakaa msimu mmoja wa masika. Sisi tumeachana na bodi kabisa: waya mweusi wa milimita 2.5 kutoka kila taa moja kwa moja hadi kwenye bolti inayoshika hasi ya betri, vichwa vyake vimebanwa kisha vikapakwa grisi.

Vipimo baada ya hapo, taa ni zilezile za zamani: volti 13.4 kushoto, 13.4 kulia. Taa ya buluu imezima. Jioni mjomba alilitoa gari uani, akamulika ukuta wa jirani, akashuka akaja kutazama vioo kwa karibu. "Umeshaweka mpya?" Sijaweka.

Jumamosi, 28 Juni: vioo vya upande usio wetu

Kuna taa za H4 za inchi 7 za aina nyingi sana sokoni, na ukizipanga mezani utaona sura zinavyotofautiana. Kuna zenye kioo bapa. Kuna zenye kioo cheupe kisicho na mistari, unaona riflekta inang'aa ndani, na hizo zinalipa gari uso wa mwaka 2000. Kuna za plastiki, ambazo kwa vumbi letu na kitambaa cha dereva zitakuwa na ukungu mapema. Tulizohitaji ni za kioo halisi, zenye tumbo na mistari kama za zamani. Nikapata jozi iliyofanana kiasi kwamba nilizichanganya na zile za zamani juu ya benchi.

Tumefunga, tumemulika ukuta, na mwanga ni mkali, una mstari safi wa juu. Isipokuwa mstari huo unapanda *kulia*.

Taa ya dimu ya mtindo wa Ulaya haikatiki bapa. Upande mmoja mstari umelala, upande mwingine unapanda kwa pembe ya nyuzi 15 ili kumulika ukingo wa barabara, watu wa miguu na vibao. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo unatakiwa kupanda kushoto. Ukipanda kulia unaingia machoni mwa anayekuja, kila gari, hata ukiwa kwenye dimu. Chalii alishauri tuzungushe taa kidogo. Haisaidii, umbo hilo limetengenezwa ndani ya taa yenyewe, na ukizungusha unapindisha mwanga wote tu. Kushusha taa sana ili pembe isiwafikie nako ni kurudi kuangalia boneti.

Alama ya kutambua ipo kwenye kioo chenyewe, karibu na ile E iliyo ndani ya duara. Taa ya nchi zinazoendesha kushoto ina mshale. Ukisimama mbele ya gari ukiitazama, mshale unaelekeza mkono wako wa kulia, yaani kushoto kwa dereva. Isiyo na mshale ni ya wanaoendesha kulia. Yenye mshale wa ncha mbili inabadilishika. Za kwetu hazikuwa na mshale. Mwenye duka alikuwa muungwana, akazipokea, akakata elfu 15 za usumbufu kwa vile pete zilishapata mikwaruzo.

Jumamosi, 12 Julai: vioo sahihi, na jaribio la LED

Tumepata taa za H4 za kampuni ya Wipac zenye mshale, za kioo, mistari ipo, tumbo lipo. Bei imeniuma. Zimefungwa mchana na hazikuleta shida. Mabakuli ya nyuma tuliyasugua kutu na kuyapaka rangi kwanza, kwa sababu kioo kipya juu ya bakuli bovu ni kuingiza vumbi kwa hiari. Globu za H4 tumezishika kwa kitambaa safi. Mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo chake, sehemu hiyo inapata joto kupita kiasi na globu inakufa mapema. Ukishaigusa, ifute kwa spiriti.

Rafiki alileta globu zake za LED zenye umbo la H4, za mwanga wa kibuluu, akisisitiza nijaribu kabla ya kubisha. Nimejaribu. Ukutani, mbele ya gari karibu, mwanga ni mwingi hadi unafurahi. Halafu unatazama mstari: haupo. Kuna ukungu wa mwanga juu yake na vivuli viwili chini. Globu ya H4 ina uzi mwembamba uliokaa mahali maalumu, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende nusu ya chini ya riflekta. Kioo na riflekta vimechorwa kwa kuhesabu uzi huo ulipo. Vipande vya LED vimebandikwa pembeni mwa kijiti, unene tofauti, mahali tofauti, na kioo hakijui kifanye nini na mwanga huo. Feni yake ya nyuma pia ilizuia mpira wa vumbi usifunge, na redio ikawa inakoroma kila zikiwashwa. Rafiki ameondoka nazo. Mtu mwingine alipendekeza H4 za wati 100. Umeme upo sasa wa kuzilisha, lakini riflekta na plagi zimetengenezwa kwa joto la wati 60, na anayekuja mbele yako hakukukosea kitu.

Rangi ya H4 ya kawaida ni ya joto, njano kidogo. Gari likiwa limesimama na taa zimewaka, linaonekana la zamani. Mjomba alizunguka mbele, akatazama, akapiga kioo kwa ukucha, akasema "Sawa." Kwake hiyo ni hotuba.

Jumapili, 13 Julai: kupanga mwanga

Tumefanya hili saa moja jioni kwenye ua tambarare wa ghala, mita 10 kutoka ukutani. Unapima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, unachora mstari wa urefu huohuo ukutani, kisha unarekebisha skrubu mpaka mstari wa dimu ukae sentimita 10 hadi 13 chini ya huo wa chaki. Taa moja ikirekebishwa, nyingine imefunikwa na koti. Fulu haina marekebisho yake, inafuata dimu.

Jambo ambalo karakana nyingi haziliangalii kwenye pikapu ni mzigo. Springi za nyuma zikilemewa, pua ya gari inainuka na taa zinapanda nayo. Ukipanga gari likiwa tupu kisha ukapakia mahindi, umewapofusha watu wote kutoka Monduli hadi Sakina. Tulipakia magunia kama ya safari ya kawaida, matairi yakajazwa upepo wa safari, dereva akakaa ndani, ndipo tukapanga sentimita 10. Tuliposhusha magunia mstari ulikuwa umeshuka hadi 18 hivi. Tupu unaona karibu kidogo kuliko ambavyo ungeweza, na nimeona ni bei inayolipika, maana usiku gari hili karibu kila mara limepakia.

Tumelijaribu barabara ya Kisongo na kurudi. Vibao vya kushoto vinaonekana mapema, na mwenda kwa miguu aliyevaa shuka jeusi pembeni ya lami alionekana tukiwa bado mbali naye. Hakuna dereva hata mmoja aliyenipigia fulu kulalamika.

Jumamosi, 9 Agosti: baada ya kutumika, na gharama

Taa ya kushoto imeanza kupoteza mng'ao. Nilipoitoa, ndani ya riflekta kulikuwa na tabaka jembamba la vumbi jekundu la njia ya Monduli Juu. Taa hizi zina tundu dogo la taa ya paki kwa magari yanayoiweka humo ndani. Land Rover yetu ina taa zake za paki pembeni, kwa hiyo tundu linabaki wazi na linatakiwa kizibo cha mpira. Kulia kizibo kilikuwepo, kushoto hakikuja nacho. Dukani hawana kizibo peke yake. Kilichofanya kazi ni kile cha mpira cha chupa ya sindano ya mifugo, kutoka duka la dawa za mifugo, kimekaa barabara na joto halijakilainisha. Riflekta usiifute kwa kitambaa, mng'ao wake unachubuka upesi. Nilipuliza kwa pampu ya baiskeli, vumbi lililobaki nimeliacha.

Volti nimepima tena: 13.3 pande zote. Grisi kwenye ethi bado safi.

Hela. Hatua ya waya: nyaya 24,000, rilei na soketi zake 40,000, fyuzi na vishikio 16,000, plagi mpya mbili 10,000, tepu, vichwa vya waya na grisi 15,000, fundi na chalii wake 60,000. Hiyo ni 165,000, nayo ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya mwanga. Vioo vya Wipac jozi 180,000 na globu mbili 30,000, nikafunga mwenyewe. Hasara: rilei za 87a 16,000 na makato ya vioo visivyo na mshale 15,000. Jumla ni shilingi 406,000.

Kilichobaki ni taa za nyuma, ambazo breki ikikanyagwa zinasoma volti 11.2. Nyaya zake zinapita ndani ya chesesi, kwa hiyo kuzivuta ni kazi ya gari kulala karakana, na mjomba hatalitoa mpaka mahindi yaishe kubebwa.